Mbwa Mdogo Shambani Anatambulishwa, Hatupwi kwa Wakubwa



Leo tuweke pembeni kidogo habari za chakula cha kuku na dawa za zabibu. Tuongee kuhusu mlinzi ambaye hana mkataba wala mshahara, na ndiye anayelala nje usiku wakati sisi tumejifunika blanketi. Naongelea mbwa. Na zaidi naongelea ile siku unapoleta mtoto wa mbwa kwenye eneo ambalo tayari lina mbwa wakubwa wawili au watatu.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungukane. Ule usemi wa "waache tu, watazoeana wenyewe" unatugharimu. Mtoto wa mbwa unayemtegemea alinde banda la kuku 1,000 au ekari mbili za zabibu ni mtaji, na mtaji hautupwi katikati ya wenye meno usiku wa kwanza halafu ukaenda kulala. Anatambulishwa taratibu, na kazi hiyo inachukua kama wiki tatu tu.

Mambo huwa hivi. Kijana amejenga banda lake pembeni ya mji, labda Nala, Zuzu, Veyula au kule Hombolo. Amesikia jirani kaibiwa kuku. Anatuma hela, mtoto wa mbwa anakuja na basi kutoka Dar es Salaam au Arusha, yuko ndani ya boksi, hajanywa maji tangu asubuhi. Anafika saa kumi na mbili jioni. Saa mbili usiku mwenye shamba anafungua minyororo ya wakubwa kama kawaida yake, anamweka mdogo chini, anasema "huyu ni mwenzenu," anaingia ndani. Asubuhi anakuta mdogo kachanwa shingo. Au yuko hai, lakini amejibana chini ya kreti na hatatoka siku mbili. Au yote yameenda vizuri, ila siku ya sita anaanza kuharisha damu.

"Mbona babu alifanya hivyo na mbwa wakawa wazuri?"

Hili swali naulizwa kila mara, na ni swali la haki. Jibu ni kwamba babu hakufanya hivyo.

Kwenye kaya za wafugaji huku kwetu, mbwa mdogo kwa kawaida alizaliwa pale pale. Mama yake alikuwepo, na wale wakubwa walimjua kwa harufu tangu hajafungua macho. Mchana mbwa wote walienda na mbuzi machungani, jioni walirudi wamechoka. Hawakufungwa. Aliyekuwa hampendi mdogo alikuwa na nafasi ya kuondoka, na mdogo naye alikuwa na pa kukimbilia.

Sasa angalia shamba lako. Una uzio wa wavu au ukuta. Mbwa wako wamefungwa mnyororo tangu alfajiri mpaka usiku, na kila anayepita barabarani wanambwekea bila kumfikia. Mbwa wa namna hiyo anajenga hasira, na kale kaeneo kadogo alikonako anakalinda kweli kweli. Halafu unamletea mgeni ambaye hana mama hapo, ana harufu ya mji mwingine, na wote mmewafungia ndani ya uzio mmoja. Utaratibu wa babu ulikuwa na vitu ambavyo sisi tumevitoa, kwa hiyo lazima tuvirudishe kwa mikono yetu.

Fikiria kama kuku mpya

Wewe mfugaji wa kuku hili unalijua vizuri. Ukinunua majogoo mapya huwaingizi kwenye banda siku hiyo hiyo. Unawatenga wiki mbili, unaangalia kinyesi, macho na ulaji. Mbwa mbona unamruka?

Mtoto wa mbwa anaweza kuja na ugonjwa, na anaweza kuukuta kwako. Parvo ndiyo inayomaliza wadogo haraka: anaacha kula, anatapika, anaharisha damu yenye harufu kali, na asipotibiwa mapema anaweza kufa ndani ya siku chache. Kirusi chake ni kigumu, kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Kwa hiyo kama mwaka jana ulipoteza mbwa kwa kuharisha damu, usimweke mgeni sehemu ile ile. Sakafu ya saruji unaweza kuiosha kwa sabuni, kisha ukapiga klorini ya kufulia, kama mililita 30 kwenye lita 1 ya maji, ukaiacha dakika 10. Kwenye udongo klorini haifanyi kazi vizuri, hivyo badilisha sehemu kabisa.

Kwa hiyo kabla mdogo hajafika, fanya mambo mawili. La kwanza, wakubwa wote wachanjwe na wapewe dawa ya minyoo na ya kupe. Wengi tunawaza chanjo ya mdogo tu, tunasahau kwamba wakubwa ndio wanaozurura na kurudi na vitu. La pili, muulize muuzaji umri na kadi ya chanjo. Usichukue mbwa wa chini ya wiki nane, hata akikwambia "huyu keshaanza kula ugali". Wiki zile za mwisho na mama na ndugu zake ndizo anazojifunza kwamba ukiuma sana unaumwa, na kwamba mkubwa akiunguruma unarudi nyuma. Anayeachishwa mapema anakuja kwako hajui lugha ya mbwa, halafu unashangaa wakubwa wanamchapa.

Akifika, mtenge siku 10 hadi 14. Ile sehemu unayolelea vifaranga, kama iko wazi na imesafishwa, inatosha kabisa: wavu, kivuli, maji, gunia la kulalia. Dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka afike miezi mitatu, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Chanjo za mwanzo zinaanza kati ya wiki ya 6 na ya 8 na zinarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ratiba kamili mwachie daktari wa mifugo. Mimi ni afisa ugani, sindano za mbwa wako sitazipanga humu.

Hapa kuna hoja ambayo hata wataalamu wenzangu wengine wanaikosea. Wanamwambia mfugaji amfungie mdogo mpaka amalize chanjo zote, yaani miezi minne. Hapana. Mbwa anajifunza nani ni mwenzake na nini ni cha kawaida kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14. Ukimfungia peke yake mpaka miezi minne utakuwa na mbwa aliyechanjwa vizuri lakini anaogopa kila kitu, na mbwa mwoga ndiye anayeuma ovyo. Njia ya katikati ipo: asitoke nje ya uzio wala asikutane na mbwa wa mtaani, lakini wakubwa wako waliochanjwa, baada ya zile siku za kutengwa, akutane nao. Na wakati ametengwa, asitengwe na dunia. Asikie pikipiki, aone kuku kupitia wavu, ashikwe na watu wazima na watoto wenye adabu.

Jinsi ya kuwakutanisha

1. Anza na harufu. Wakati bado ametengwa, chukua gunia alilolalia mdogo uwape wakubwa wanuse, na la wakubwa umpe yeye. Fanya hivyo siku kadhaa. Mbwa anamfahamu mwenzake kwa pua kabla ya macho.

2. Waonane kupitia wavu. Wavu uwe imara, usiwe wa kupitisha pua nzima. Mkubwa akisogea kwa utulivu, msifie, mpe kipande kidogo cha nyama. Akirukia wavu, msogeze mbali bila kelele na ujaribu tena jioni. Usihamie hatua inayofuata mpaka wakubwa waone wavu ule ni kitu cha kawaida, wapite na kuendelea na mambo yao.

3. Chagua sehemu ambayo si ya mbwa yeyote. Isiwe karibu na banda lao, sufuria yao wala geti wanalolinda. Katikati ya shamba panafaa, ila pawe ndani ya uzio ambako mbwa wa nje hawafiki. Asubuhi mapema ni bora, jua letu la mchana linamkasirisha hata binadamu.

4. Mmoja mmoja, mtulivu kwanza. Usiachie watatu kwa pamoja, maana mbwa wakiwa kundi wanachochewa na yule mkorofi. Kila mbwa awe na mtu wake, kamba iwe imelegea. Kamba ikikazwa mbwa anahisi kuna hatari na anajiandaa kupigana. Dakika tano zinatosha mara ya kwanza. Maliza wakati bado kuna amani.

5. Usimbebe mdogo kifuani. Mkubwa atakurukia kumfuata, na hapo wewe ndiye utakayeumwa. Mweke chini, akae karibu na kitu anachoweza kuingia chini yake, kama meza au kitanda cha kamba.

6. Chakula mbalimbali. Kila mbwa na sahani yake, umbali wa hatua kumi au kwenye vyumba tofauti, na mfupa usiachwe ukizagaa. Ugomvi mwingi wa mbwa waliokwisha kuzoeana unaanzia kwenye sufuria ya ugali na utumbo.

7. Usiwaache peke yao. Usiku mdogo alale kwake mpaka afike miezi mitano au sita na uwe umeona wiki nyingi bila vurugu. Hata mchana, kama huna mtu wa kuangalia, mrudishe kwenye wavu wake.

Kuunguruma siyo kosa

Hili nalisisitiza kwa sababu vijana wengi wanaharibu hapa. Mkubwa akimuungurumia mdogo, wewe unachukua fimbo. Acha. Kuunguruma ni kuongea. Anasema "umenikanyaga" au "hiki changu". Ukimchapa kila akiunguruma, atajifunza kutounguruma, na siku nyingine atauma bila kutoa taarifa. Mdogo naye hatajua mpaka uko wapi. Mkubwa akiunguruma au akimgusa kwa mdomo bila kumtoboa, mdogo akalala chali au akarudi nyuma, na mkubwa akaacha, hilo ni somo limefanyika. Waache.

Kinachotakiwa kukushtua ni kingine: mkubwa amekaza mwili wote, mkia umesimama wima bila kucheza, manyoya ya mgongoni yamesimama, macho hayabanduki kwa mdogo, na amenyamaza. Mbwa mwenye kelele anakupa muda, huyu wa kimya hakupi. Mrudishe nyuma kwa kumwita au kwa kuweka ubao katikati, usiingize mkono. Na kama mdogo amelia na kujisalimisha lakini mkubwa anaendelea, siku hiyo imeisha. Rudi kwenye hatua ya wavu.

Niseme na jambo ambalo wauza mbwa hawakwambii: kuna mashamba ambayo hayafai kuongezewa mbwa kwa sasa. Kama mkubwa wako ameshaua paka au mbuzi mdogo, kama una jike lenye watoto au liko kwenye joto, kama mzee wako anaumwa miguu na hataki kuguswa, subiri. Au jenga sehemu mbili ambazo zitabaki mbili. Si aibu.

Mkubwa mtulivu ndiye mwalimu

Sababu nyingine ya kufanya haya yote ni kazi yenyewe. Wengi tunanunua mtoto wa mbwa tukitafuta ukali, na kuna wanaomwachia apigwe na wakubwa makusudi "ili awe mkali". Matokeo ni mbwa anayeogopa wenzake, anayekimbiza kuku wako mwenyewe na kumng'ata kibarua aliyekuja kuvuna. Mwizi anarushiwa mfupa tu anapita.

Mlinzi mzuri anajua nani ni wa nyumbani na nani siyo. Hilo anajifunza kwa kumwangalia mkubwa. Mkubwa akipita katikati ya kuku bila kugeuka, mdogo anaiga. Mkubwa akibweka fisi anapopita nyuma ya zizi, mdogo anabweka. Na mkubwa anayefukuza kuku anafundisha hivyo hivyo, kwa hiyo chagua mwalimu.

Wenzetu wa Namibia wanaonyesha jambo hili vizuri. Tangu 1994 shirika la Cheetah Conservation Fund linawapa wafugaji mbwa wa aina ya Anatolian wa kulinda mbuzi na kondoo dhidi ya duma na wanyama wengine. Mdogo anaingizwa zizini akiwa mchanga ili mbuzi wawe ndugu zake, lakini hatupwi humo, kuna mtu anayefuatilia na kumrekebisha akianza kuchezea vibaya wale wadogo. Hata kwetu, upande wa Ruaha, mbwa wa aina hiyo wamewahi kuletwa kulinda mifugo. Mbwa wetu wa kienyeji wana akili hiyo hiyo na wanavumilia ukame wa huku. Wanachokosa ni malezi.

Kwenye malezi, angalia pia mdomo. Mdogo anatafuna kila kitu. Zabibu ni sumu kwa mbwa, mbichi na zilizokaushwa, zinaweza kuua figo. Wenye mashamba ya zabibu msimu wa mavuno zoeni kuokota zilizodondoka karibu na anapokaa. Salfa, viuatilifu, makopo yaliyotumika na sumu ya panya vifungiwe stoo. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vikali, usimpe.

Kichaa cha mbwa siyo hadithi

Nimeliacha hili mwisho lakini ndilo zito kuliko yote. Mdogo anachezewa na watoto wa nyumbani, analamba mikono yao na kuwachubua kwa vijino vyake. Kama mkubwa ambaye hajachanjwa aling'atwa na mbwa wa mtaani mwezi uliopita na wewe hukujua, ugonjwa unapita kwa mdogo na kuingia sebuleni kwako.

Kwa binadamu, kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, hakuna tiba ya kukutegemea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote wanakipata kwa mbwa. Lakini kinazuilika: ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi unakatika. Wilaya zinazozunguka Serengeti, ambako mbwa wamechanjwa kwa kampeni kwa miaka mingi, zimeonyesha kwamba inawezekana hapa hapa Tanzania. Lengo la kimataifa ni kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na mbwa ifikapo 2030.

Kwa kawaida chanjo hii anapewa mbwa akifika miezi mitatu, inarudiwa baada ya mwaka. Lakini kampeni ikipita kijijini, hasa karibu na 28 Septemba ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, peleka wote hata yule mdogo, kisha fuata ratiba utakayopewa. Na mtu yeyote aking'atwa au kuchubuliwa na mbwa usiyejua chanjo zake, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake mafuta ya taa, usipake majani, usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Hesabu ni yako

Kijana anayefanya kilimo biashara anapiga hesabu. Mtoto wa mbwa wa kisasa ni laki kadhaa ukijumlisha na nauli. Kumtambulisha kunahitaji mita chache za wavu ambazo pengine unazo tayari, magunia mawili, sahani ya ziada, chanjo, na nusu saa asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Ukiruka hayo, unaweza kulipa mbwa mpya, matibabu ya mkubwa aliyejeruhiwa, na usiku wa banda lisilo na mlinzi. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakutaka umtunze mnyama wako bila kumtesa, na mbwa ni mnyama wako kama ng'ombe alivyo.

Wiki hii, kabla hujatuma hela ya mbwa mdogo, nenda ofisi ya mifugo ya kata yako na kadi za wakubwa. Kama hawana kadi, basi hao ndio wa kuanza nao. Mdogo atasubiri.